Grafu ya ubongo siyo cheti cha sonona

Mitandaoni kuna watu wanatangaza njoo tukupime ubongo, unavalishwa kofia yenye waya, kompyuta inatoa picha ina nyekundu na bluu, halafu unaambiwa hii hapa ndo sonona yako na hapa ni wasiwasi. Mi napinga kabisa, na napinga kwa sababu hii sayansi naipenda.

Kipimo chenyewe kinaitwa EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa waya hizo za kichwani, na ni kitu cha kweli. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili kule Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 akaja kuchapisha 1929. Ndo yeye aliyeyaona mawimbi ya alfa, yale ya mara 8 mpaka 13 kwa sekunde, ukifumba macho yanapanda, ukifumbua yanashuka. Inaniuma sana kwamba yeye mwenyewe aliugua sonona na akajiua mwaka 1941.

Baadaye kina Richard Davidson, mwanasaikolojia wa Marekani, wakaona wenye sonona wana alfa nyingi zaidi mbele upande wa kushoto, na alfa ikizidi mahali mara nyingi ina maana pale pamepoa, sasa upande huo ndo unahusishwa na hamu ya kufuata jambo, na mgonjwa wa sonona si anakwambia hana hamu na kitu? Inavutia kweli. Ila huo ni wastani wa kundi zima, ukichukua mtu mmojammoja wagonjwa na wazima wanaingiliana mno, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2017 ulisema wazi kwamba kipimo hiki hakifai kumtambulia mtu sonona.

Wasiwasi nao wanauhusisha na beta, mawimbi ya kasi zaidi, mara 13 mpaka 30 kwa sekunde. Tatizo mwenye wasiwasi anakaza taya na paji la uso, na misuli nayo ina umeme wake unaoingia kwenye waya zilezile ukafanana na beta, kwa hiyo asiyejua kusoma atakuuzia misuli ya uso akidhani ni ubongo.

Naelewa kwa nini watu wanaitaka ile karatasi. Umeambiwa unajiendekeza, umeambiwa huna imani, ukipata kitu chenye rangi angalau nyumbani watanyamaza. Lakini grafu ikitoka safi je? Watasema si tulikwambia huna kitu, wakati hulali, huli na unawaza kufa. Hiyo ndo inanitisha zaidi.

Mpaka leo sonona inatambuliwa kwa kukaa na mhudumu wa afya akakusikiliza, kuna maswali kama PHQ-9, ni 9 tu, yanaulizia wiki 2 zilizopita na ya Kiswahili yapo. Daktari akikuandikia EEG kapime, mara nyingi anataka kujua kama kuna kifafa, na hapo kipimo kinasaidia kweli.