Kwaya Namba Saba

Ndugu wa mke wangu walipoamua kumnunulia baba yao "kile kiredio cha nyimbo cha mfukoni", hakuna aliyeuliza nani ataenda kukinunua. Mwaka huo wa 2008 mimi peke yangu katika ukoo ule ndiye niliyefanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta, kwa hiyo nilikuwa mtaalamu. Kwamba kompyuta yenyewe niliitumia kuchapa barua za likizo na kucheza karata, hilo halikuulizwa, na mimi sikuona sababu ya kulitaja. Mashemeji wakachanga, shemeji mkubwa akanihesabia mkononi laki moja na ishirini elfu, akasema, "Shem, wewe ndiye unayejua mambo haya. Usituletee takataka." Nikacheka kama daktari anayekumbushwa asisahau mkasi tumboni.

Mzee mwenyewe ni mwalimu wa hesabu mstaafu, yuko Muheza. Anapenda vitu viwili: kwaya za kanisani kwao, na dansi la zamani la Tanga, enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kanda zake zilikuwa zimekwisha. Nusu zililiwa na redio, nusu wajukuu walizivuta utepe wakafungia mikia ya vishada.

Nilianza vizuri, nakiri. Niliingia duka moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam, lenye kiyoyozi na mlinzi wa kufungua mlango. Nikaulizia iPod. Nilipotajiwa bei nilitoa simu mfukoni nikajifanya nimepigiwa. Nilipomaliza kuzungumza na hewa, muuzaji akanionyesha Sony ya GB 1, nyembamba kama kidole, laki na kumi, na waranti ya mwaka mzima. Nikapiga hesabu palepale: wimbo wa MP3 wa kawaida, ule wa kilobiti 128 kwa sekunde, hula kama MB moja kwa kila dakika. Wimbo wa dakika nne, MB nne. GB 1, yaani MB elfu moja hivi, ni nyimbo 250. Nikajiuliza, mzee mzima aliyesomesha nusu ya Muheza apewe nyimbo 250? Nikamshukuru yule kijana, nikateremka zangu Kariakoo.

Ukisikia mtu anasimulia jambo, kisha akasema "nikateremka zangu Kariakoo", kaa vizuri.

Kwenye kiduka kimoja upande wa Mtaa wa Aggrey nilikuta meza nzima ya vidude vinavyong'aa, vyote vina kioo, vyote vimeandikwa GB 8. Nikamweleza kijana kwamba natafuta MP3. Akanitazama kwa huruma.

"Braza, MP3 imepitwa. Hii ni MP4. Nne na tatu ipi kubwa?"

Nikatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo analolijua. Pembeni kulikuwa na MP5, ya bei zaidi kidogo. Nikaona nisizidishe makuu, nne inatosha.

Leo najua kwamba ile tatu ya MP3 si namba ya toleo. Ni safu ya tatu ya sauti katika kanuni za MPEG, kundi la kimataifa linalopanga viwango vya sauti na video, na jina lenyewe la mafaili lilichaguliwa na Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer mwaka 1995. MP5 haimo kwenye kanuni yoyote, ni ujasiri tu wa wafanyabiashara. Na hicho kidude kilichoitwa MP4 hakikuweza kufungua video za MP4. Ilibidi uzigeuze kwanza kwa programu iliyokuja kwenye sidii, zitoke zimekuwa AMV, aina nyingine ya faili la video, picha sawa na stempu ya posta. Lakini siku ile nilijua nne ni kubwa kuliko tatu.

Msidhani nilinunua kama mshamba. Nilikikagua. Niliwasha redio, ikakamata. Nilicheza gemu, nikafungwa. Nilijaribu kitufe cha kurekodi sauti, kikarekodi. Nilikidondosha makusudi juu ya meza, kijana akafumba macho, hakikuvunjika. Mwisho nikatoa pigo la kitaalamu: "Kichomeke kwenye kompyuta nione hizo GB 8." Akakichomeka bila wasiwasi wowote, na jambo hilo peke yake lilitakiwa kunishtua. Kompyuta ikaandika: GB 7 na ushei. Mashine imekiri yenyewe, mimi ni nani niipinge? Tulianzia tisini, maongezi yakawa marefu, nikaondoka nacho kwa elfu sitini na tano.

Hesabu ya chenji mnaweza kuifanya wenyewe. Mimi nilipoifanya nilikuwa tayari nimesimama mbele ya duka la viatu.

Siku tatu zilizofuata nilikusanya nyimbo. Kwaya kwanza, maana ndizo za heshima: nikazipa namba vizuri, KWAYA-01, KWAYA-02, kuendelea. Kisha dansi. Lakini nafasi ilikuwa bado inacheka, nami niliona ni aibu kupeleka debe nusu. Nikaanza kuomba kwa kila mtu ofisini. Mhasibu akatoa rege. Mtu wa stoo akatoa mahubiri. Mwisho kabisa akaja dada wa mapokezi na flashi yake ya taarabu, ile ya vijembe, ya watu wazima. Ndani yake mlikuwa pia na milio ya simu, jogoo anawika, mtoto anacheka, na nyimbo nne za dansi ambazo mlinzi alikuwa amemwekea. Nikazimimina zote. Kukopi kulichukua usiku mzima. Asubuhi kioo kikaandika nyimbo 1,412. Nikajaribu tatu za mwisho, zikaimba safi kabisa. Nikakirudisha kwenye boksi.

Usiku wa kuamkia safari nilifanya mazoezi ya hotuba ya kukabidhi zawadi, mke wangu amekaa kitandani anakunja nguo. Ili nijisikie navyosema, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Nilijisikiliza mara moja, nikajipenda, nikalala.

Krismasi tukaila Muheza. Baada ya ibada watu walijaa barazani hadi ukutani, pilau ikapita, soda zikapita, nikasimama. Nilitoa hotuba yangu yote. Nilipofika kwenye "nyimbo elfu moja mia nne na kumi na mbili" nikanyamaza kusubiri makofi. Hayakuja. Nikakohoa. Yakaja. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, akauliza kama kinatumia betri za kawaida.

Hapo ndipo Padri alipopita kutoa heri ya sikukuu. Mama mkwe, mwenye furaha zake, akaniambia, "Baba Neema, hebu tuwekee kwaya, Padri naye asikie." Shemeji mdogo akaleta sabufa yake. Sikutaka kuanza na namba moja kama mtu asiye na uchaguzi. Nikachagua KWAYA-07.

Wimbo haukuanzia mwanzo. Ulianzia katikati ya sentensi, na katikati ya sentensi hiyo alikuwapo mwanamke mwenye sauti kubwa, akimweleza mke mwenzake, kwa utulivu na kwa vinanda, mambo ambayo bwana husema akiwa upande wa huku na hajawahi kuyasema akiwa upande wa kule. Sabufa ya shemeji ilikuwa nzima. Kila neno lilifika hadi kwa majirani.

Kioo kikaendelea kuandika KWAYA-07, KWAYA-07.

"Hii kwaya ya wapi?" Mama akauliza.

"Ya Dar, Mama."

Padri akaweka kikombe chini taratibu. "Wameanza na zaburi ngumu," akasema.

Nikaruka kwenda namba nane. Yuleyule mwanamke, sasa amehamia kwa mawifi. Akakatika ghafla, akawika jogoo. Mtoto akacheka. Kisha sauti nzito ikasema habari za dhambi kwa sekunde mbili hivi, na jogoo akarudi. Watoto uani walikuwa wameshaanza kucheza. Vidole vyangu vikaota jasho, nikawa nabonyeza chochote kinachobonyezeka ili nitoke kwenye muziki, na kweli nikatoka. Nikaingia kwenye faili la sauti zilizorekodiwa. Lilikuwa moja tu. Nikabonyeza ili niondoke, likaanza.

"Baba, Mama, na ndugu wote. Hiki kidude ni kidogo... hapana, kidude si neno zuri. Kifaa. Hiki kifaa ni kidogo, lakini kimebeba nyimbo elfu moja mia nne na kumi na mbili. Hapo nasubiri wapige makofi."

"Wasipopiga?" Hiyo ni sauti ya mke wangu, na nyuma yake kitanda kinalia.

"Nakohoa." Na kwenye sabufa nikakohoa, kikohozi kilekile cha nusu saa iliyopita.

"Wakiuliza bei?"

"Laki na ishirini. Imeisha yote."

"Na ile hamsini na tano?"

"Ile ni ya ufundi."

Baraza lilinyamaza, nikasikia mafuta yanavyokatika kwenye sufuria jikoni. Mke wangu alikuwa ameinamia sahani tupu, anaitafuta nyama isiyokuwepo. Macho ya shemeji mkubwa yakashuka taratibu kutoka usoni mwangu, yakapita shati, yakapita suruali, yakatua kwenye viatu vyangu vipya. Yakakaa hapo.

"Ufundi umekutosha mguuni?" akauliza.

Padri ndiye aliyeniokoa, kama naweza kuita vile kuokolewa. Akasema, "Ila kwaya namba saba hatukuimaliza." Baraza zima likaangua kicheko, Mama mkwe akiwa wa kwanza, kitambaa kikimdondoka kichwani. Nililipa ile hamsini na tano kwa awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa kreti mbili za soda jioni ileile. Viatu niliviacha Muheza, shemeji mdogo vilimtosha vizuri kuliko mimi.

Nikataka kuondoka na kile kidude nikakirudishe. Mzee akakataa. Akavaa miwani, akaomba daftari la mjukuu lenye mistari, akahamia chini ya mwembe. Siku tatu hakutoka pale ila kwa chakula. Nilipoenda kumuaga alinionyesha kurasa: upande wa kushoto jina linaloonekana kwenye kioo, upande wa kulia kinachosikika. KWAYA-07, mwanamke wa mke mwenzake, nusu. KWAYA-08, mwanamke wa mawifi, kisha jogoo, kisha mtoto. Wino mwekundu pale kwenye makosa, yaani kila mahali.

"Mkwe, njoo uone. Mwanamke huyu anarudi kila baada ya majina sitini hivi. Sikuzote. Nimempima mara kumi. Wimbo mmoja ulisema MB ngapi?"

"Nne, Baba."

"Sitini mara nne, mia mbili na arobaini. Na kile ulichonunua ulisema kina ngapi?"

"Elfu nane."

Hakuhitaji hata kuandika. "Thelathini na tatu na kitu. Umelipia shamba la eka thelathini na tatu, ukapewa moja."

Kijana wa kompyuta pale ofisini alikuja kunithibitishia kwamba mzee alikosea kidogo mno: ndani mlikuwa na chipu ya MB 256, imefundishwa kusema uongo inapoulizwa na kompyuta. Chukulia gesti yenye vyumba 60 na daftari la wageni lenye mistari 2,000. Mhudumu haangalii vyumba, anaandika tu majina na kugawa funguo. Mgeni wa 61 anapelekwa chumba namba moja, aliyekuwemo anatupwa nje kimyakimya, na jina lake linabaki daftarini. Ukienda kumwulizia mtu wa kwaya unafunguliwa mlango na mwimba taarabu. Ndiyo maana zile tatu za mwisho nilizozijaribu zilikuwa nzima. Wageni wa mwisho hawakupata wa kuwatoa. Na ndiyo maana hakikukwama wala kuona haya: MP3 imekatwa vipande vidogo mno, kama 38 kwa kila sekunde, na kila kipande kinaanza na alama yake. Kidude kikiangukia katikati ya wimbo wa mtu kinaokota kipande kinachofuata, kinaendelea kuimba kama kilikuwa hapo tangu jana.

Kariakoo nilirudi, ndiyo. Kile kiduka kilikuwa kinauza mapazia.

Ilikuwa kama mwezi wa pili hivi, usiku, simu ikaita. Mzee. Kwa saa ile nilidhani kuna msiba.

"Mkwe, nimewapata Atomic!"

"Wako wapi, Baba?"

"Wako KWAYA-31. Wanaingia jogoo akishawika mara ya pili." Akashusha sauti. "Mama yako nimemwambia ni kwaya. Usije ukanitia aibu."