Feni ya Umeme kwenye Dizeli ya Zamani: Faida Iko Mtoni, Hasara Iko Mlimani

Miongoni mwa wenye Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ na Land Rover Defender za injini ya dizeli ya 300Tdi, magari ambayo mpaka leo yanabeba sehemu kubwa ya kazi ngumu katika barabara za vumbi na tope za Tanzania na Kenya, kuna ushauri unaozunguka kwa muda mrefu: ng'oa feni inayozungushwa na mkanda, funga ya umeme, nalo gari litapunguza kunywa mafuta, litaongeza nguvu na halitachemsha tena. Madai hayo matatu hayana uzito sawa. La kwanza lina ukweli kidogo, la pili lina ukweli mdogo zaidi, na la tatu mara nyingi ni kinyume cha kinachotokea. Hata hivyo feni ya umeme ina hoja moja yenye nguvu ambayo wanaoitetea huitaja mwisho, kama wakiitaja, nayo ni maji.

Feni ya mkanda ya magari haya haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Kati ya viwili hivyo kuna habu yenye mafuta mazito ya silikoni, na usoni mwa habu kuna springi bapa iliyoviringwa, ya metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi hujisogeza na kufungua kijilango, mafuta hupenya kati ya sahani za ndani, na feni hushikwa ikazunguka kwa kasi inayokaribia ile ya puli. Hewa ikipoa, mafuta hurudi kwenye hifadhi yake na feni hubaki ikiteleza. Ndiyo sababu gari likiwashwa alfajiri husikika mvumo mkubwa kwa muda mfupi, kwa kuwa mafuta yalituama ndani ya habu usiku kucha na yanahitaji mizunguko kadhaa ili yaondoke kati ya sahani.

Habu hiyo ndiyo inayodhoofisha hoja ya kuokoa mafuta. Gari likiwa kwenye lami kwa kilomita 80 kwa saa, upepo wa mwendo ndio unaopoza rejeta, habu inateleza, na feni inakula nguvu ndogo sana. Kinachobaki cha kuokoa hapo si kingi. Feni ya umeme nayo haizunguki bure: ikivuta ampia 30 kwa volti 13.5 inatumia takriban wati 400, na kwa kuwa oltaneta, yaani jenereta ya gari, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu inayopewa, injini italazimika kutoa kama wati 700, yaani karibu nguvu ya farasi mmoja. Ni kweli kwamba habu ya feni ya mkanda ikishika kabisa, injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, feni hiyo inaweza kula kilowati kadhaa. Watetezi wa umeme huishika tofauti hiyo na kuiita akiba. Ingefaa waulize kwanza kilowati hizo zilikuwa zinafanya kazi gani.

Zilikuwa zinasukuma hewa. Hesabu yake inapaswa kuwatendea haki wote wawili, kwa sababu nguvu inayohitajika na feni hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: ukitaka hewa maradufu, unalipa nguvu mara nane. Kwa hiyo feni ya wati 400 haiko nyuma sana kama tofauti ya nguvu inavyoonyesha, na katika mwendo wa kawaida, hata kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, inaweza kutosha bila wasiwasi. Lakini hewa maradufu ndiyo inayohitajika gari lenye mzigo linapoupanda mlima Kitonga saa saba mchana, gia ya pili, injini ikilia juu na upepo wa mbele ukiwa mdogo. Hapo feni ya mkanda inapata nguvu zaidi kwa sababu ileile inayoifanya injini itoe joto zaidi, kwani mizunguko ya kimoja ndiyo mizunguko ya kingine. Feni ya umeme, ikishafika kikomo chake, haijui kwamba mlima umekuwa mkali.

Kwa 1HZ jambo hili lina uzito wa ziada. Injini hiyo ya silinda sita na lita 4.2 huchomea mafuta kwanza ndani ya chemba ndogo kabla moto haujaingia kwenye silinda, na muundo wa namna hiyo hupeleka joto jingi zaidi kwenye maji kuliko muundo wa kupuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kama ule wa 300Tdi. Mwenye 1HZ aliyeongeza tabo (turbo) isiyokuwepo kiwandani, jambo ambalo limekuwa la kawaida, ameshaongeza joto. Akipunguza hewa siku hiyohiyo, anacheza na silinda hedi yake.

Kisha kuna suala la eneo. Feni ya inchi 16 inafunika duara la kama sentimita za mraba 1,300. Ikiwekwa kwenye rejeta yenye upana wa sentimita 60 na kimo cha 50, bila kava la kuelekeza hewa, inavuta kupitia chini ya nusu ya rejeta na nusu nyingine inabaki pambo. Hapa ndipo ufungaji mwingi wa mitaani unapoharibikia: feni iliyotolewa kwenye gari dogo la petroli inafungwa kwa vishikizo vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi ya rejeta, kava la kiwandani linatupwa kwa sababu haliingii tena, na baada ya miezi ya kutikiswa na barabara ya makorongo, vishikizo vinasaga mirija mpaka maji yanaanza kuchuruzika palepale vilipopita.

Hoja ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, hata hivyo, inahusu utegemezi. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kimekanika, ikishawaka, inahitaji umeme mdogo mno: ule wa kushikilia solenoidi inayoruhusu mafuta kwenye pampu. Oltaneta ikifa katikati ya Serengeti au kwenye jangwa la Chalbi, dereva anazima kila kitu, anaendesha mchana, na anafika. Uwezo huo ndio uliofanya watu wakayaamini magari haya. Feni ya umeme inauondoa, kwa sababu tangu siku ilipofungwa, uzima wa injini unategemea betri, oltaneta, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi, waya, sensa na brashi za mota, na kila kimojawapo kinaweza kufa kimyakimya kwa vumbi au kutu. Feni ya mkanda ikikorofisha, kwa kawaida inatoa dalili kwa majuma. Fyuzi haina dalili, na dereva anajua kwamba imekatika pale geji ya joto inapokuwa imeshapanda.

Mtu atasema kwamba mkanda nao hukatika. Hukatika kweli, lakini kwenye 1HZ mikanda inayozungusha feni ndiyo inayozungusha wota pampu, kwa hiyo ikikatika, maji hayazunguki na feni ya umeme haitaokoa chochote.

Oltaneta za kiwandani za magari haya, nyingi zikiwa za ampia 65 hadi 80, hazikupimwa kwa mzigo wa namna hiyo. Usiku wa masika, taa kubwa zinakula kama ampia 10, feni ya kipoza hewa cha ndani 15, waipa na vinginevyo vinaongeza, kisha feni ya rejeta inadai 30, na wakati wa kuanza kuzunguka inavuta mara mbili au zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa, oltaneta haitoi ampia zilizoandikwa mgongoni mwake. Betri ndiyo inayofidia, na betri ina mwisho. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli, isitoshe, zina mfumo wa volti 24, wakati feni zinazouzwa kwa wingi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi ni za volti 12.

Sasa maji. Gari linapoingia kwenye mto wenye kina kinachofika juu ya bampa, mapanga ya feni ya mkanda hukutana na kitu kizito kuliko hewa mara mamia. Yanapiga maji, yanarusha matope kwenye kila waya wa injini, na yakiwa ya plastiki yanajikunja kuelekea mbele mpaka yanaweza kukwaruza au kukata rejeta. Mkonga wa kuvutia hewa (snokeli) hausaidii lolote hapo, kwani unalinda silinda tu. Madereva wa bonde la Kilombero na wa Rufiji wana dawa zao: turubai mbele ya grili ili wimbi lisiingie ghafla, mwendo wa taratibu usiokatizwa, au kulegeza mkanda kabisa kabla ya kuvuka. Zote hufanya kazi, lakini kulegeza mkanda mara nne kwa siku, umelala kwenye tope, si jambo la kumshauri mtu anayekaa upande wa pili wa mto. Kwa gari kama hilo, swichi moja kwenye dashibodi inayozima feni kabla ya kuingia majini ni faida halisi, na sioni namna ya kuipinga.

Faida hiyo nayo ina masharti. Mota iliyokuwa ya moto ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji na mchanga laini kupitia kwenye sili. Ikisahaulika kuzimwa, inajaribu kuzunguka ndani ya maji, inavuta ampia nyingi, na inaunguza fyuzi au yenyewe. Kwa hiyo mota isiyozibwa vizuri inaweza kuvuka salama mara nyingi, kisha ikafa siku gari lipo kwenye lami kavu.

Jambo linalonisumbua katika mjadala huu ni kwamba wengi wanaofunga feni ya umeme hawavuki mito. Wanafunga kwa sababu gari linachemsha, na lilikuwa linachemsha kwa sababu nyingine. Rejeta iliyojaa mbegu za nyasi na matope kati yake na kondensa, yaani rejeta ya kipoza hewa iliyo mbele yake, itachemsha kwa feni yoyote. Habu iliyokufa inajulikana kwa uchunguzi wa dakika chache: injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma feni kwa mkono, na ikizunguka mizunguko mingi kama haina kizuizi, mafuta yake yamekwisha nguvu au yamevuja, na mara nyingi utaona mistari myeusi ya grisi na vumbi ikitawanyika kutoka katikati ya habu. Wakati mwingine kosa ni donge la tope lililokauka juu ya ile springi ya mbele, ambalo kuliondoa hakugharimu kitu. Habu nyingi za Toyota zinaweza hata kufunguliwa na kujazwa upya mafuta ya silikoni, ambayo kampuni yenyewe huyauza katika vichupa vidogo. Toyota hiyohiyo, ilipoleta V8 ya dizeli ya lita 4.5 kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 2007, ilibakiza feni ya habu. Magari madogo yalihamia umeme zaidi kwa sababu injini zao ziliwekwa kukingama upana wa gari, mkanda ukawa hauwezi tena kuelekea rejeta.

Kwa gari la utalii linalotembea polepole hifadhini huku kipoza hewa kikifanya kazi, kuna njia ya kati ninayoipendelea: feni ya mkanda ibaki, na feni ndogo ya umeme iwekwe mbele ya kondensa kama msaidizi. Ikifa, safari inaendelea bila ubaridi wa ndani.

Anayevuka maji kila juma na ameamua kubadili, atumie feni mbili zenye kava linalofunika rejeta nzima, kila moja na rilei na fyuzi yake, waya wa shaba wa milimita za mraba 6 kwa kila ampia 30, na oltaneta kubwa zaidi. Sensa iwashe feni kwenye joto lililo juu kidogo ya lile ambalo thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, imefunguka kabisa, la sivyo feni zitazunguka siku nzima. Swichi ya dereva iwe na nafasi tatu, yaani kuzima, kujiendesha, na kulazimisha, pamoja na taa inayowaka umeme unapofika kwenye mota yenyewe. Feni ya zamani, habu yake na boliti zake zifungwe kwenye gunia na ziwekwe nyuma ya kiti, kwa sababu kuzirudisha porini ni kazi ya saa moja, ilimradi kava la kiwandani halijatupwa.