Tafuta X

Mpwa wangu anataka nimnunulie kitabu cha gemu. Gemu yenyewe anayo, Elden Ring ya mwaka 2022, ila kila akiingia anakufa. Sasa kasikia kampuni ya Future Press ilitoa kitabu cha kuimaliza, juzuu mbili za mwanzo zenye jalada gumu, nzito kama tofali. Ukijumlisha na kusafirisha mpaka Dar unapata bei ya mbuzi.

"Anko, kina ramani zote," ananibembeleza.

Nikamwambia aniache kwanza. Mimi na vitabu vya gemu tuna kesi ya zamani.

Ilikuwa 2006, nipo kidato cha pili, Magomeni. Mtaani kwetu kulikuwa na banda la gemu lenye televisheni mbili, benchi tatu na pedi ambazo nyaya zake zilikuwa selotepu zaidi ya nyaya. Nusu saa shilingi mia mbili. Ukiingiza San Andreas, ile gemu ya Grand Theft Auto, nusu saa inaisha CJ, mhusika unayemchezesha, hata baiskeli hajapata vizuri, kwa hiyo mtu mwenye kodi alikuwa mtu wa heshima. Kodi tulikuwa tunaita zile namba za siri za kujipa hela, bunduki na uzima. Ndizo kodi pekee ambazo nimewahi kuzitafuta kwa hiari.

Ijumaa moja baba akanipa elfu sita, tuisheni ya hesabu ya wiki tatu. Njiani nikapita kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandika turubai chini pale Posta. Katikati ya kitabu cha mapishi na Biblia ya Kijerumani, nikakiona: picha ya CJ, ramani ya Los Santos, mji wake ndani ya gemu, kurasa nzima za kodi. Jalada la mbele halikuwepo, na la nyuma pia lilishakwenda na maji. Muuzaji akaniangalia usoni, akasoma kila kitu.

"Elfu nane."

"Nina sita."

"Lete."

Mtu anayekubali haraka namna hiyo ni wa kuogopwa, lakini hilo nimelijua ukubwani.

Jumamosi asubuhi nikaingia bandani kama mganga aliyeitwa kutoka mbali. Kitabu nimekishika kwapani, watoto wananifuata nyuma. Mwenye banda mwenyewe alikuwa kwenye pedi, anacheza tangu alfajiri bila kusevu, CJ wake ana silaha za kuangusha serikali. Nikamwambia, "Braza, nina kodi ya uzima, vesti na dola 250,000." Tukakubaliana: ikikubali, nacheza bure hadi jioni. Ikikataa, nawanunulia soda wote waliomo. Walikuwa kumi na moja. Nikasema sawa, maana kitabu hakidanganyi.

Akanipa pedi. Nikamkabidhi kitabu mtoto mmoja aliyekuwa anajua Kiingereza kuliko sisi, asome kwa sauti.

"R."

"R ipi? Zipo mbili."

"Kimeandika R tu."

Nikabonyeza R1. CJ akainua bunduki, akamlenga mama mmoja wa kupita njia.

"Black," akasoma. "Nyeusi."

Bandani kukawa kimya. Nikaigeuza pedi mbele, nikaigeuza nyuma. Pedi ya PlayStation 2 ni nyeusi yote, juu, chini, mpaka waya.

"Nyeusi ipi sasa?"

Hapo baraza likakaa. Mmoja akasema nyeusi ni Select. Mwingine akasema lazima iwe ile mishikio ya kuzungusha, kwa kuwa vitufe vingine vina alama za rangi. Hoja ikapita. Nikaukandamiza mshikio wa kushoto. CJ akachuchumaa.

"Kimekubali!" akapiga kelele mtu wa benchi la nyuma. Sijui alidhani uzima unaingia kwa njia gani.

"L." Nikabonyeza. "A."

A haipo. Kuna pembetatu, duara, mraba na X. Tukakwama tena, hadi kijana mmoja mpole, ambaye hadi leo nasikitika hakusomea sheria, akasimama na kusema: pembetatu ndiyo A, ila wameisahau kuiwekea ule mstari wa kati. Tulimpigia makofi. Nikabonyeza pembetatu.

Kumbe pembeni ya CJ lilikuwa limesimama gari la polisi. Kwa pembetatu CJ huingia kwenye gari, na kama lina mwenyewe anamtoa kwanza. Akamfungua askari mlango, akamvuta nje, akamlaza lami. Nyota ya kutafutwa na polisi ikawaka. Mimi bado naambiwa mishale: kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini... nabonyeza tu, nikiamini hela zipo njiani. Polisi wakaja kutoka pande zote wakati mimi macho yapo kitabuni.

"Rudia, rudia! Labda umechelewa!"

Nikarudia, safari hii kwa haraka. Nyota ya pili. Nikahamia kodi ya ukurasa wa pili, hiyo ilikuwa na X, na kwa kweli tulishangilia, maana X tulikuwa nayo. Nikaibonyeza kwa moyo wote. Kwenye gari X ni mafuta. Gari likaruka mbele, likavaa nguzo, CJ akatolewa kwa mtutu wa bunduki, skrini ikafifia, na neno la kukamatwa likatokea katikati. Ukikamatwa kwenye San Andreas wanakunyang'anya silaha zote.

Mwenye banda alikuwa amesimama. Aliketi taratibu, kama mtu aliyepokea simu ya msiba.

Ndipo jamaa mmoja wa pembeni, ambaye shemeji yake alikuwa baharia, akaomba kitabu. Akafunua kurasa mbili tu. "Hiki cha Xbox," akasema. "Ile mashine pedi yake ina vitufe viwili vidogo, kimoja cheusi kimoja cheupe. Na X yao ipo pale ulipo mraba wenu." Yaani kitufe pekee tulichokuwa na uhakika nacho, nacho tulikikosea.

Soda kumi na moja sikuwa nazo. Mwenye banda akachukua kitabu kama fidia. Jumatatu napita, nakuta kachana ramani ya Los Santos yenye michoro yote 100 ya ukutani ambayo CJ anatakiwa aipulizie rangi, kaipigilia misumari ukutani. Michoro hiyo haibadiliki, uwe na Xbox au PlayStation, na ukiimaliza silaha zinakusubiri jikoni nyumbani kwa CJ. Wateja wakajaa kutoka mpaka Manzese. Kwa hiyo mtu akikuambia vitabu vya gemu havilipi, muulize vinamlipa nani.

Na ndiyo hofu yangu kwa mpwa. Gemu ya zamani ilikuwa kama msahafu, ikishatoka imetoka, kitabu chake cha 2004 kinafaa hadi leo. Za siku hizi zinajibadilisha kila wanapotuma sasisho. Silaha uliyosifiwa ukurasa wa 40 wiki ijayo imepunguzwa makali. Prima Games, waliokuwa wakichapa vitabu hivi tangu 1990, mwaka 2018 walitangaza wanafunga. Bure ipo tele: GameFAQs, tovuti ya maelekezo na kodi za gemu, ilianza 1995, miaka kumi na moja kabla sijaitoa sadaka tuisheni yangu.

Huko ndiko nilikopata kodi sahihi baadaye, kwenye intaneti kafe. Nikazinakili kwenye daftari la hesabu, ukurasa baada ya ukurasa, nikaliacha mezani. Usiku baba akaniita. Kavaa miwani, daftari liko mkononi.

"R1, R2, L1, X," akasoma polepole. "Hii ndiyo aljebra ya siku hizi?"

"Ndiyo, baba."

"X iko wapi hapa?"

Nilikuwa na usingizi. Nikajibu nilichokijua. "Iko chini, baba."

"Chini ya nini?"

"Chini ya pembetatu. Mraba uko kushoto, duara kulia."

Baba akavua miwani. Sijawahi kumwona ameridhika vile.

"Kumbe mmeshaingia jiometri! Wiki moja tu!" Akalifunga daftari kwa adabu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Huyu mwalimu anafundisha. Kesho asubuhi nakwenda mwenyewe kumshukuru."