Kupunguza mfuko wa chakula ili kuokoa ini

Mtu akisikika amekwenda kupunguzwa mfuko wa chakula, la kwanza kusemwa ni kwamba ameshindwa kujizuia mdomo. Wengine huita urembo, wengine uvivu. Hata kliniki, mgonjwa mnene ambaye ultrasaundi imeonyesha ini lake limejaa mafuta huambiwa apunguze wanga, atembee, arudi baada ya miezi sita. Upasuaji hautajwi, na ukitajwa ni kwa kutishia. Naona hapo mgonjwa ananyimwa haki yake ya kujua.

Ushauri wenyewe si mbaya. Mwaka 2015 watafiti wa Cuba walichapisha habari za wagonjwa 293 ambao mafuta yalikuwa yameshalitia ini uvimbe, yaani ini limeumia na kuvimba, si uvimbe wa saratani. Walifuata mlo na mazoezi kwa wiki 52. Miongoni mwa waliopungua asilimia 10 ya uzito au zaidi, uvimbe uliisha kwa watu 90 katika kila 100. Shida ni kwamba waliofika huko walikuwa takriban mmoja kati ya kumi, tena walikuwa ndani ya utafiti, wakipimwa na kuulizwa walichokula. Je, yule anayetoka kliniki na maneno matupu ya "punguza mafuta" atafika wapi?

Swali hilo lilipata jibu Roma. Hospitali tatu za huko zilichukua wagonjwa wanene 288 wenye uvimbe huohuo wa ini na kuwagawa kwa kura. Kundi moja lilipewa mwongozo wa mlo na mazoezi pamoja na dawa bora zilizokuwepo. La pili lilifanyiwa baipasi: mfuko wa chakula hubakizwa kifuko kidogo, kisha huunganishwa na utumbo kwa mbele zaidi, sehemu yake ya mwanzo ikirukwa. La tatu lilikatwa sehemu kubwa ya mfuko, ukabaki mwembamba kama ndizi. Baada ya mwaka walitolewa tena kipande cha ini kwa sindano. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2023: uvimbe ulikuwa umeisha, bila kuzidi kwa kovu ambalo uvimbe huo huacha kwenye ini, kwa asilimia 56 ya waliofanyiwa baipasi na asilimia 57 ya waliokatwa mfuko. Kundi la mlo na dawa lilipata 16.

Kumi na sita, na hawa walishikwa mkono na madaktari mwaka mzima. Kwa kuwa kura ndiyo iliyowagawa, hakuna awezaye kusema waliopasuliwa walikuwa na nia kuliko wenzao. Mwili unaopungua hujitetea: njaa hupanda, matumizi ya nishati hushuka. Upasuaji hugusa hata homoni za utumbo zinazoleta shibe, na mtu aliyekuwa akimaliza sahani mbili za wali huweka kijiko chini mapema kabisa.

Daktari wa upasuaji huliona ini lenyewe. Lililo zima lina wekundu wa kahawia, kama maini ya buchani, na kingo kali. Lenye mafuta hupauka likaelekea manjano, kingo zikawa butu, na upande wake wa kushoto ukafunika mfuko wa chakula hadi kumbana daktari. Ndiyo maana wengi hupewa mlo mwepesi sana kwa wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, ili linywee. Na hunywea kweli, kwa muda mfupi hivyo! Huko Lille, Ufaransa, waliotolewa tena kipande cha ini miaka mitano baada ya upasuaji walionyesha zaidi: asilimia 84 hawakuwa tena na uvimbe, na asilimia 70 kovu lao la ini lilikuwa limepungua. Kovu ndilo linalomfikisha mtu kwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu hadi likashindwa kazi vizuri.

Wenye wasiwasi nao wana hoja nzito. Katika kumbukumbu za wagonjwa 1,158 wa uvimbe wa ini huko Cleveland, Marekani, matatizo makubwa ya ini ndani ya miaka kumi yaliwapata asilimia 2.3 ya waliopasuliwa na asilimia 9.6 ya wasiopasuliwa. Hapo lakini hapakuwa na kura, na kati ya 650 waliopasuliwa, wanne walifariki ndani ya mwaka wa kwanza kwa madhara ya upasuaji. Wanne hao walikuwa na familia. Vitamini ni za kumeza maisha yote. Baada ya baipasi pombe hupanda haraka, wapo wanaoishia kwenye ulevi, na ini likawa limeruka majivu likakanyaga moto. Mwenye sirosisi iliyomjaza maji tumboni, madaktari wengi humkatalia, nami nakubaliana nao.

Tena dawa zimeanza kufika. Agosti 2025 Marekani iliruhusu sindano ya semaglutide, dawa inayopunguza hamu ya kula na uzito, kwa ugonjwa huu, kwa wenye kovu la wastani hadi kubwa ambao hawajafikia sirosisi. Asiyetaka kisu sasa ana njia nyingine, ingawa akiiacha sindano uzito hurudi kwa kawaida.

Kwangu mimi, mwenye unene mkubwa, kisukari na kovu lililoanza kukomaa aelezwe habari za upasuaji siku ileile anayoelezwa habari za mlo. Ila kwanza kovu lijulikane. Ripoti ya ultrasaundi inayosema "mafuta daraja la pili" imepima mafuta, haijapima kovu. Pa kuanzia ni kukadiria kovu kwa hesabu inayochanganya umri, chembe sahani za damu na vimeng'enya viwili vya ini, vipimo ambavyo mara nyingi vimeshalala ndani ya faili la mgonjwa.