Pesa Zilizokatazwa Kutikisika

Mwaka 2024 Waingereza walitaka mwanafunzi anayeomba viza ya kwenda kusoma kwao, nje ya London, aonyeshe pauni 1,023 za kujikimu kwa kila mwezi, kwa miezi tisa. Zidisha mwenyewe: pauni 9,207, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 30. Chuo kimoja cha Leeds kilikuwa kimenifadhili ada yote, kwa hiyo nyumbani Tanga tukaona kazi imekwisha. Kumbe ada ndiyo ilikuwa nyepesi.

Ukoo ulijitahidi, sikatai. Mama alivunja akiba yake ya VICOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, shangazi aliyeko Muscat akatuma, mjomba wa Muheza akauza machungwa yangali mtini. Pesa za mjomba hazikuruhusiwa kukaa kwenye akaunti yake, maana sheria ilitaka akaunti ya mwombaji mwenyewe, mzazi au mlezi wa kisheria. Mjomba hawamtambui. Aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na machungwa hawayatambui. Zote zikamiminwa kwenye akaunti ya baba, na juu yake tukaacha kama laki moja ya kulisha makato ya benki.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Pesa hizo lazima zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata kwa siku moja. Hazikopeshwi, hazizungushwi, zinakaa tu. Katika ukoo wetu pesa haijawahi kulala siku mbili bila kuamshwa.

Baba, mwalimu mstaafu wa hesabu, alijipa kazi ya ulinzi. Kila asubuhi baada ya chai alivaa koti akaenda kwenye mashine ya benki kuzijulia hali. Akirudi mama anamuuliza, "Zimeamkaje?" Naye anajibu, "Salama, zote zipo." Baadaye nikagundua kwamba kila akiuliza salio mashine inamkata, na ile laki yetu ya ziada inaliwa na salamu. Nikamwomba aache. "Pesa usiyoitazama hupotea," akasema. Tukapatana aende Ijumaa kwa Ijumaa.

Lakini kilichotuponza ni kamati.

Kamati ya kuniaga sikuiunda mimi wala sikuiomba. Nilishtukia nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp, mwenyekiti baba mdogo, kadi ya mchango singo 30,000, dabo 50,000. Nikaandika kwa adabu zote kwamba viza yenyewe sijaomba. Baba mdogo akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, viza ni karatasi. Sisi tunashughulika na watu." Wajumbe wakamwaga vidole gumba.

Mwenye ukumbi alitaka 500,000 za kushikia nafasi kabla ya magharibi, la sivyo anawapa watu wa harusi. Michango ilikuwa bado ni ahadi. Mjini kote, mtu pekee mwenye pesa zilizokaa bila kazi alikuwa baba. Akatoa. Kesho yake kadi zikaanza kuingia, kamati ikamrudishia, akaziweka benki, akaja nyumbani kula. Hakuona cha kusimulia.

Nilikuja kujua siku nilipokwenda kuchukua taarifa ya akaunti. Ukurasa wa mwisho, katikati, mistari miwili imefuatana: 500,000 zimetolewa, 500,000 zimewekwa, tarehe zimepishana siku moja. Dada wa dirishani aliigusa kwa ncha ya kalamu. "Kaka, hii si ndiyo ile ya siku 28?" Mji mzima ulishajua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

Nikamkabidhi karatasi. Akavaa miwani, akasoma kama anayesahihisha mtihani.

"Laki tano zimetoka?"

"Zimetoka."

"Zimerudi?"

"Zimerudi."

"Toa, kisha jumlisha. Jibu?"

"Sifuri, baba."

"Sifuri. Kwa hiyo Mwingereza anagombana na sifuri."

Miaka yote ya shule sikuwahi kumshinda huyu mzee kwenye hesabu, na siku ile haikuwa ya kuanzia. Mjomba, kwa simu, naye akamtetea shemeji yake: pesa hazikutoka, zilikwenda matembezi. Nikaandika barua pepe chuoni. Jibu likaja limejaa heshima: anza kuhesabu upya tangu siku zilipotimia tena, na fanya haraka, kwani kupokea wanaochelewa kuna mwisho wake.

Sherehe haikuahirishwa. Mwenye ukumbi harudishi pesa, na sare za vitenge zilishashonwa. Bango lilinionyesha nimesimama mbele ya Big Ben, iliyo karibu kilomita 300 kutoka Leeds. Mshereheshaji akatangaza kwamba kesho saa kama hizi nitakuwa kwa Mfalme Charles. Watu walilia. Bibi alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua ndefu mpaka pilau likapoa. Nikapewa mablanketi na sufuria.

Kesho yake saa kama hizo nilikuwa dukani kwa Mangi, nanunua sukari nusu kilo.

Kuanzia hapo nikawa natokea mlango wa uani. Wachangiaji wa singo walinisamehe. Wa dabo ndio walikuwa wakali. Mama mmoja alinisimamisha sokoni, "Mimi nilichanga uondoke." Nikaharibu zaidi nilipokwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya kifua, maana kwa masomo ya zaidi ya miezi sita Uingereza inataka cheti cha kutokuwa na kifua kikuu kwa anayetoka Tanzania. Nilipita na begi mchana kweupe, watu wakanipungia mikono. Siku chache baadaye nikarudi na begi lilelile. Mtaani ikapita kwamba nilifika, Wazungu wakanitazama, wakanirudisha.

Safari hii kadi ya benki ilihamia kwenye sanduku la kanga za mama, na ufunguo shingoni mwake. Hata baba alikuwa anaomba kuonyeshwa, na haonyeshwi. Siku zikatimia, nikaomba, viza ikatoka, chuo kikakubali nifike wiki ya mwisho kabisa.

Niliondoka alfajiri, bila bango wala mshereheshaji, naburuta sanduku kwenda stendi. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa anafagia kibarazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wapi na mizigo asubuhi yote hii?"

"Uingereza, mama."

Akauegemea ufagio, akanitazama kwa huruma.

"Tena?"