Bendera kwenye boti za ziwani: nani apeperushe, na wapi?

Asubuhi boti za dagaa za Ziwa Victoria zinapoingia Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, utaona vitambaa vya kila namna vimefungwa kwenye miti yake. Kuna nyekundu na nyeupe ya Simba, kuna kijani na njano ambayo kwa mbali hujui kama ni ya Yanga au ya CCM, kuna Arsenal. Na hapa na pale kuna bendera ya Taifa iliyopauka kwa jua na moshi wa injini, imefungwa kwa uzi wa nyavu, pembe yake ya buluu imeshachanika na kuisha.

Wapo wanaokerwa na hali hiyo kiasi cha kutaka bendera ya Taifa ibaki kwenye vyombo vya serikali peke yake. Wengine wanataka kinyume chake: kila chombo cha Mtanzania kiwe nayo, tena kwa lazima. Mimi siungi mkono marufuku, na lazima pia siioni kuwa na faida.

Tuanze na kazi ya bendera kwenye chombo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema meli ina uraia wa nchi ambayo ina haki ya kupeperusha bendera yake, na inasafiri chini ya bendera ya nchi moja tu. Desturi ya mabaharia ikafuata njia hiyo hiyo: bendera ya nyuma ya chombo inaonyesha kimesajiliwa wapi, haionyeshi mwenye chombo katoka wapi. Kwa hiyo mgeni anayeishi Capri Point hapa Mwanza na boti yake imesajiliwa Tanzania, nyuma anaweka bendera yetu, hata kama pasi yake ya kusafiria ni ya Uingereza. Akiweka ya kwao, watu wa mwaloni wana haki ya kuuliza.

Anayetoka Kisumu au Entebbe na boti iliyosajiliwa huko, jambo lake ni tofauti. Nyuma ataweka ya nchi yake, na juu kwenye mlingoti, upande wa kulia, ataweka ndogo ya Tanzania kama salamu kwa wenyeji. Wako wanaoona hiyo ni janja ya kujifanya Mtanzania, na hapo wanamwonea. Huyo ndiye aliyepiga hodi kwa adabu.

Ugumu wa ziwa letu ni mpaka. Tanzania ina karibu nusu ya maji haya, Uganda inafuata, Kenya ina asilimia 6 hivi, na mstari wenyewe hauonekani kwa macho. Kisiwa cha Migingo ni jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira, lakini mwaka 2009 lilizitikisa Kenya na Uganda, na bendera iliyosimikwa pale ilikuwa sehemu kubwa ya hasira. Wanaotaka lazima wanasema bendera ingemsaidia askari wa doria kumjua mtu kabla hajamsogelea. Manahodha wanajibu kwamba nyavu zikisukumwa na upepo usiku ukajikuta ng'ambo, bendera ndiyo itakayokutangaza kuwa mvamizi.

Hofu hiyo naielewa, maana kukamatwa ng'ambo ni kupoteza injini, nyavu na siku za kazi. Ila hoja zote mbili zinasahau jambo moja: dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa mwanga wa taa. Saa hiyo bendera haionekani, na kwa desturi ilitakiwa iwe imeshashushwa tangu jua lilipozama. Kinachomtambulisha mvuvi wa dagaa ni namba ya usajili iliyopakwa ubavuni kwa herufi kubwa, pamoja na leseni mfukoni. Hapo ndipo wakaguzi wakaze.

Halafu iko shida ya mahali pa kuiweka. Nyuma ya mtumbwi kuna injini na mtu anayeishika, na nyavu hupita ubavuni zikivutwa. Mti wa bendera utasimama wapi? Ukilazimisha, utapata bendera elfu zilizochanika, nyingine zimefungwa kichwa chini, buluu ikiwa upande wa mti badala ya kijani. Yaani utazidisha kile kile kinachowakera wale wa kwanza, wanaotaka marufuku.

Hao wa kwanza nao siwadharau. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, bendera zilipepea nusu mlingoti nchi nzima kwa siku nne. Mtu aliyezika ndugu yake wiki ile haoni kitambaa tu anapoona bendera ya Taifa imegeuzwa tambara la kufutia mafuta. Lakini kumbuka pia waliowahi kufika pale na kuokoa watu walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao. Kusema bendera hii haiwahusu mpaka wawe na chombo cha serikali ni kuwakosea. Mwenye boti anayetaka kuipeperusha apeperushe: iwe nzima, iwe safi, ipande asubuhi na kushuka jioni, na ikianza kuchanika aitoe.

Za Simba na Yanga ziacheni, ni furaha ya watu, mradi zisifungwe mti mmoja na ya Taifa wala juu yake. Za vyama ndizo zinazonipa shida. Mvuvi kwenye mtumbwi wake ana haki ya kuonyesha chama chake. Boti ya abiria ni habari nyingine. Mama anayetoka kisiwani na mgonjwa hachagui boti, anapanda iliyopo. Akiikuta imejaa bendera za chama asichokipenda, anakaa kwa wasiwasi safari nzima, na msimu wa kampeni wasiwasi huo unageuka ugomvi katikati ya maji, mahali ambapo ugomvi unaweza kupindua chombo. Wenye boti za abiria waziache nchi kavu, na hilo nadhani lingefaa kuwa sharti la leseni.