Kabla ya hita, tazama juu

Nilipohamia Molo kutoka Kisumu kuja kufundisha, nilibeba feni. Hadi leo kuna wazazi wanaoniita Mwalimu wa Feni. Mtu wa ziwani haijui baridi mpaka alale Julai mahali palipo karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya mabati matupu. Ikweta iko hapo karibu, lakini usiku nyuzijoto hushuka chini ya 10, na alfajiri matone yanakudondokea usoni ukidhani paa linavuja. Kumbe ni pumzi yako mwenyewe: imepanda, imegusa bati baridi, imegeuka maji.

Nikanunua hita ya wati 2000. Hesabu yake inauma: saa moja, uniti mbili. Ukiiwasha saa nne usiku ukaizima saa kumi na mbili asubuhi, uniti 16 zimekwenda. Tokeni nilizozoea kutumia wiki mbili ziliisha kwa siku tatu, na soketi ikayeyuka. Fundi aliyekuja kuitengeneza aliitazama hita, akainua macho juu, akacheka. "Mwalimu, wewe unapasha joto Mau Summit yote."

Mau Summit ni mji wa jirani, naye alikuwa na haki. Hewa moto hupanda, na kwangu haikukuta dari, ilikuta bati na mwanya wa kupitisha mkono kati ya ukuta na paa. Hita ilikuwa na swichi ya kujizima chumba kikipata joto. Haikuwahi kujizima hata mara moja. Na usidanganywe dukani na hita "inayookoa umeme". Hita zote za waya hugeuza uniti moja ya umeme kuwa joto lile lile, iwe ya shilingi elfu mbili au elfu ishirini. Tofauti ni joto hilo litakaa wapi.

Binamu yangu yuko Minnesota, Marekani, ambako Januari baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, naye nyumbani huvaa fulana. Nilidhani siri ni mtambo. Aliniambia kuta zao zimejazwa sufi ya kioo, na madirisha yana vioo viwili viwili. Kuna pampu za joto pia, zinazovuta joto la nje hata kukiwa na baridi na kuliingiza ndani, na kwa uniti moja ya umeme zaweza kuleta joto la uniti tatu. Ajabu nzuri. Lakini kwenye nyumba yangu ile, hata pampu hiyo ingepasha joto Mau Summit.

Basi nikamwendea mwenye nyumba. Akasema dari ni mambo ya watu wa mjini. Tulibishana wiki mbili, mwishowe akakubali niweke siling bodi chumba cha kulala na nikate gharama kwenye kodi. Mwanya tuliuziba.

Hapo ndipo jirani yangu, mama mwenye nia njema kabisa, aliponishauri: "Sasa ingiza jiko, joto litakaa." Hapana. Makaa yanapowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuinyima oksijeni. Watu wengi hapa huamini jiko likishamaliza moshi nje ni salama kuingizwa ndani. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua, maana hakuna kinachokukohoza ukaamka. Unahisi kichwa kizito, kichefuchefu, usingizi mtamu. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia zilizolala na jiko. Na kadiri unavyoziba nyufa, ndivyo hatari inavyozidi: nyumba iliyozibwa vizuri na jiko la makaa haviwezi kukaa pamoja. Anayetaka moto ndani ajenge jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi hadi nje ya paa, na aache tundu la hewa.

Mimi siku hizi nina blanketi ya umeme ya wati 100, ambayo usiku kucha haimalizi uniti moja. Inapasha joto mtu, si chumba. Sebuleni bado hakuna dari, kwa hiyo Julai wageni huketi na makoti. Hita nilimwazima jirani mwingine anayelea vifaranga. Hajairudisha, nami sijaidai.